Alfajiri iliyokuwa mvua: uchambuzi wa kisa cha mchoro mmoja wa milima

Kwanza tuelewane

Mi kazi yangu ni kutibu makaratasi ya zamani, yani michoro, barua, ramani, vitu vya namna hiyo, kwenye karakana ndogo ya watu watatu kusini mwa Uingereza. Nimezaliwa Tanga, na kila nikigusia hii kazi napata meseji: msahafu wa babu umeliwa na mchwa, picha ya harusi ya bibi imegandia kwenye kioo, nifanyeje. Safari hii nimeona bora nisimulie kisa kizima, tulipopatia na tulipoboronga. Majina, mji na chochote kinachoweza kumtambulisha mwenye mchoro nimeondoa, naye kaniruhusu nieleze.

Mchoro wenyewe na watu wake

Mwenye mchoro ni mama wa miaka sabini na kitu, humu ntamwita Bi Mkubwa. Alikuja na mpwa wake, mchoro umeviringishiwa shuka la kitanda na kufungwa kamba kama kuku wa sikukuu. Ni karatasi ya kama sentimita 37 kwa 24, penseli chini na rangi ya maji juu yake, hamna rangi nyingi, ni kijivu-kijivu tu cha uzito tofauti. Genge kubwa la mwamba upande wa kushoto limeinama kama linataka kuanguka, mti mmoja umevunjika katikati na bado umeshikilia mwamba kwa mizizi, chini kuna mto unaopita kwenye mawe kwa fujo, na kwenye njia nyembamba kando ya genge kuna vijitu viwili na mnyama wa mizigo, vidogo sana, nukta tatu za brashi, ukikohoa unaweza ukavipuliza. Juu ya yote kuna anga la waridi hafifu, waridi ile ya tumbo la kombe unaloliokota ufukweni.

Hilo anga ndo lilikuwa roho ya mchoro nyumbani kwao. Kwao unaitwa Alfajiri. Mama yake Bi Mkubwa alikuwa akiwaonyesha watoto, angalieni, wale wasafiri wamelala njiani usiku kucha kwa hofu na sasa kunakucha. Vizazi vitatu wameamini hivyo, na mchoro umening'inia ukutani sebuleni, ukuta unaotazamana na dirisha kubwa.

Nyuma ya fremu kulikuwa na kikaratasi cha zamani kimebandikwa, wino wa kahawia, namba na neno moja: Turner, jina la mmoja wa wachoraji wakubwa kabisa wa Uingereza.

Hapo ndo matakwa yalipoachana. Mpwa anataka kuuza, ana miadi na mthamini baada ya wiki sita. Bi Mkubwa anataka tuondoe madoa ya kahawia yaliyotapakaa angani kama tetekuwanga, basi. Akaniambia, "Ila Alfajiri yangu msiiguse." Nikaitikia bila kufikiri, kumbe ile sentensi ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

Historia kidogo, bila hiyo hamtaelewa tuliyoyafanya

Nusu ya pili ya miaka ya 1700 kuna kitu kiligeuka kwenye macho ya watu wa Ulaya. Milima, magenge, dhoruba, vitu ambavyo msafiri alivihesabu kuwa ni kero na hatari, vikaanza kutafutwa kwa raha yake. Mwandishi Edmund Burke mwaka 1757 alishaandika kwamba kitu cha kutisha, ukikitazama ukiwa mahali salama, kinakupa msisimko ambao bustani nzuri haikupi. Wachoraji wakaanza kuwapa watu hayo magenge waning'inize sebuleni.

Mmoja wa waliofanya hivyo vizuri kuliko wengi ni John Robert Cozens. Alipita milima ya Alpi mwaka 1776 akiwa na Richard Payne Knight, na mwaka 1782 akarudi tena bara la Ulaya kwa safari ya tajiri William Beckford. Kisha mwaka 1794 akili ikamruka. Akawekwa chini ya uangalizi wa Dr Thomas Monro, daktari wa Bethlem, hospitali ya wagonjwa wa akili pale London, na akafariki 1797. Huyu Monro ndo moyo wa kisa hiki, maana mbali na udaktari alikuwa na homa ya kukusanya michoro, na nyumbani kwake Adelphi Terrace, juu ya mto Thames, alikuwa anawaita vijana jioni waje wanakili michoro aliyokuwa nayo, ya Cozens ikiwa nyingi.

Vijana wawili kati ya hao walikuwa J. M. W. Turner na Thomas Girtin, wote wamezaliwa 1775. Tunajua mambo yao kwa sababu mchoraji Joseph Farington aliyaandika kwenye shajara yake Novemba 1798 kama walivyomsimulia wenyewe: miaka mitatu walikuwa wanakwenda saa kumi na mbili jioni wanaondoka saa nne usiku, Girtin anachora mistari, Turner anapaka rangi, na Turner alilipwa shilingi 3 na peni 6 kwa jioni moja. Yani karatasi moja, wazo la mtu wa tatu aliye mgonjwa, mistari ya mmoja, rangi ya mwingine. Ukiuliza "nani kachora" unaambiwa nini hapo? Kama ulishawahi kukaa na mafundi wa picha za watalii wetu utaelewa haraka, huyu anachora tembo kumi asubuhi, yule anajaza rangi mchana, jina linaandikwa la yule mwenye kibanda.

Na kuna jambo linanichekesha kila nikilikumbuka. Uingereza na Ufaransa zilianza kupigana 1793, njia za kwenda bara la Ulaya zikafungwa, kwa hiyo hawa vijana walikuwa wanachora Alpi jioni baada ya jioni na hawajawahi kuiona. Turner alifika huko 1802 tu, ile amani fupi ya Amiens kati ya nchi hizo mbili ilipopatikana.

Monro aliendelea na hizo jioni miaka mingi, wakaja vijana wengine, John Sell Cotman, Peter De Wint, John Linnell. Alipofariki 1833 mkusanyiko wake ukapigwa mnada na kampuni ya Christie's, na Turner mwenyewe, keshakuwa tajiri, akanunua sehemu yake. Sasa mchoro wowote wa kijivu wa milima uliotoka nyumba ile, mtu akiubandika jina la Turner nyuma, nani wa kumkatalia? Hii karatasi ya Bi Mkubwa ilikuwa na sura ya nyumba ile kabisa, toka kwenye kijivu chake mpaka kwenye genge lake.

Siku ya kwanza: mdomo wangu

Pale kaunta, hata fremu hatujafungua, mpwa akauliza unaonaje. Nikasema, na maneno nayakumbuka, "Staili yake ni ya wale waliokuwa wanachora kwa Dr Monro, na Turner alikuwa mmoja wao." Kila neno ni sahihi. Lakini mpwa hakusikia sentensi, alisikia jina. Kabla ya Ijumaa alishawaandikia binamu zake watano kwamba wataalamu wamethibitisha, na binamu mmoja ambaye hata kwenye msiba wa mwisho hakuonekana akampigia Bi Mkubwa kuuliza mgao utakuwaje.

Bosi wangu, ntamwita Mzee, alinisikia toka kwenye meza yake. Hakusema kitu mbele ya wateja. Walipotoka akaniambia tu, "Umeshaithamini, sasa tuanze kuitazama."

Tulipofungua fremu

Misumari imeota kutu, utepe wa karatasi umekuwa kama jani kavu, ndani vumbi na mzoga wa kile kidudu cha rangi ya fedha kinachokula karatasi. Mchoro ulikuwa umegandishwa mzima mzima kwenye kadibodi nene ya kahawia, na juu yake kuna ile kadibodi yenye dirisha inayokaa kati ya mchoro na kioo. Kadibodi zote mbili ni za rojo ya mbao iliyosagwa, zina asidi, na asidi inahamia kwenye karatasi jirani polepole. Karatasi ya mchoro yenyewe ilikuwa imara, kwa sababu zama zile zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, ndo maana karatasi ya mwaka 1800 mara nyingi ina afya kuliko gazeti la mwaka 1950.

Nikaingiza kispatula chini ya ile kadibodi yenye dirisha, ikaachia upande wa juu, nikaiinua.

Aisee. Ukingoni kabisa mwa karatasi, pale ambapo kadibodi ilikuwa imefunika, kulikuwa na utepe wa kama milimita 6 ukizunguka mchoro mzima, na kwenye huo utepe anga halikuwa la waridi. Lilikuwa buluu ya risasi, zito, baridi, lile wingu linalokuja na pepo za kusi ukaambiwa kaanue nguo upesi. Mstari kati ya rangi mbili ulikuwa umenyooka kama umekatwa na rula, huku waridi, huku dhoruba. Nilikaa chini.

Maelezo yake ni haya. Kijivu cha zama zile mara nyingi walichanganya wenyewe, nili ya buluu na udongo mwekundu. Udongo mwekundu rangi yake ni ya chuma kilichoota kutu, mwanga hauufanyi kitu. Nili inatoka kwenye majani, na mwanga unaila. Kama uliwahi kuacha khanga ya buluu kwenye kamba moja miezi na miezi unajua ninachosema. Nili ikishaliwa, kwenye kijivu kunabaki mwekundu peke yake, na mwekundu hafifu juu ya karatasi ya rangi ya maziwa unasomeka waridi. Waingereza walilibishania sana jambo hili mpaka wanasayansi wawili, Russell na Abney, wakatoa ripoti mwaka 1888 kuonyesha kwamba mwanga kweli unafifisha rangi za maji, na nili ilikuwa kati ya zilizoathirika.

Kwa hiyo Alfajiri haikuwepo. Dirisha la sebuleni liliitengeneza kidogo kidogo, wakati familia inakunywa chai. Wale vijitu viwili njiani hawakuwa wamenusurika usiku, walikuwa wanaelekea kwenye mvua.

Kuosha au kutoosha

Mzee alitaka tuoshe. Sababu zake zilikuwa nzuri: asidi imeshaingia, na njia ya kuitoa ni kulaza karatasi juu ya blotingi, yani karatasi za kunyonya, zenye maji safi, uchafu unashuka taratibu, karatasi inapumua, na madoa ya kahawia yanapungua kidogo. Njia hiyo imetumika miaka na miaka na mara nyingi inafanya kazi.

Mi nikakataa, tukabishana siku mbili nzima. Hoja yangu ya kwanza ilitoka kwenye kipimo: niliweka tone dogo la maji pembeni, nikaligusa kwa pamba, nikaangalia kwa hadubini, pamba ikatoka na kijivu. Rangi inaachia. Hoja ya pili, ule utepe wa buluu. Ndo ushahidi pekee uliobaki wa jinsi mchoro ulivyokuwa, na ukishalowesha karatasi nzima huna uhakika rangi ya ukingo itabaki ukingoni. Hoja ya tatu ilikuwa madoa. Kuyatoa sawasawa unahitaji dawa ya kung'arisha, na kung'arisha karatasi yenye nili iliyobaki kidogo ni kumalizia kazi ya jua.

Tukakubaliana hivi: hatuoshi, hatung'arishi, madoa yanabaki. Kadibodi ya nyuma tu inatoka, kwa mkono, kavu kadiri inavyowezekana, maana ndo chanzo cha asidi na kuiacha ni kuahirisha ugonjwa. Hapo tulifanya kosa ambalo sikuliona siku ile: hatukumwandikia Bi Mkubwa kumweleza kwamba madoa, kitu pekee alichotuomba, hatuyatoi. Tulidhani tutamweleza akija.

Simu

Kutoa kadibodi ni kazi ya kuchosha. Unalaza mchoro kifudifudi, unaimenya kadibodi tabaka baada ya tabaka kwa kispatula na kisu cha upasuaji, kama unamenya kitunguu ambacho tabaka la mwisho ni mali ya mtu. Ukifika tabaka la mwisho, lile lenye gundi, unapaka jeli ya methili selulosi ambayo inateleza kama mlenda, unaiacha dakika kumi na tano, gundi inalainika, unakwangua. Jeli ina maji ila inayatoa kwa uchoyo, ndo uzuri wake. Ikikaa sana uchoyo unaisha.

Siku ya saba nipo kona ya chini kulia, nimepaka jeli, simu ikalia. Mpwa. Anataka kujua tumefika wapi, na je anaweza kumwambia mthamini kwamba ni Turner, na kama siyo Turner mzima basi Turner nusu? Nikaanza kumfafanulia, jamani sijathibitisha kitu, naye anasema lakini wewe mwenyewe ulisema, na mi najitetea, yani nililipa deni la mdomo wangu palepale na riba. Nilipoweka simu zilishapita dakika ishirini na tano.

Nilipogeuza mchoro kesho yake ulipokauka, kwenye mawe ya kona ile kulikuwa na mstari wa maji, mchirizi mwembamba wa kijivu wa kama sentimita 2, pale unyevu ulipopenya ukasukuma rangi kisha ukasimama. Hautoki. Ukijaribu kuutoa unatengeneza wa pili. Nikaupiga picha mstari wenyewe, nikaandika kwenye ripoti tarehe, saa na sababu, na sababu sikuandika "unyevu usiotarajiwa" kama wengi tunavyopenda kuandika, niliandika fundi aliondoka mezani.

1804

Kadibodi ilipotoka yote tukaweka mchoro juu ya meza ya mwanga. Nyuma kulikuwa na neno moja la penseli, Chamouny, tahajia ya zamani ya Chamonix, mji wa milima ya Alpi huko Ufaransa, kwa mkono ambao haufanani na ule wa kikaratasi cha fremu. Na katikati ya karatasi, kama unavyoinua noti kuona alama iliyofichwa, ile alama ya maji, ikatokea J WHATMAN, na chini yake tarakimu nne: 1804.

Whatman ilikuwa karatasi ya wachoraji wa rangi za maji, laini isiyo na mistari ya waya, imepakwa gundi ya ngozi ili rangi isizame haraka. Mwenyewe James Whatman alishauza kiwanda 1794 ila jina liliendelea. Na kuanzia mwaka huohuo 1794 sheria ya kodi iliwafanya watengenezaji wa Uingereza waanze kuweka mwaka kwenye alama ya maji, kwa sababu karatasi yenye tarehe ndo iliyorudishiwa ushuru ikiuzwa nje. Tuwashukuru watoza kodi, mara moja moja.

Tarehe ya karatasi haikwambii mchoro ulichorwa lini, inakwambia haukuchorwa kabla ya hapo. Inatosha. Zile jioni za Turner na Girtin kwa Monro zilikuwa za miaka ya 1790. Girtin alifariki Novemba 1802, kwa hiyo karatasi hii ilipotengenezwa alikuwa kaburini. Turner alichaguliwa mwanachama kamili wa Royal Academy, chama kikuu cha wasanii wa Uingereza, 1802, na mwaka 1804 alifungua ukumbi wake mwenyewe wa maonyesho. Mtu wa namna hiyo harudi kwa daktari kunakili milima kwa shilingi 3 na peni 6.

Hadubini nayo ilikuwa inasema hivyohivyo toka mwanzo, tungeisikiliza. Mistari ya penseli kwenye ule mti uliovunjika inasimama na kuanza tena kila baada ya milimita chache, tawi linakwenda, linatua, linakwenda. Mkono unaofuata kitu kilicho mbele yake, sio unaokitafuta. Ni mwanafunzi, au mwenye mapenzi na kuchora, anayenakili milima ambayo Cozens aliipita miaka karibu thelathini nyuma. Rangi lakini, huyo aliyepaka alikuwa na jicho. Genge limeachwa tupu pembeni, karatasi yenyewe ndo mwanga. Mi bado naamini walikuwa watu wawili, Mzee haamini, tumeacha hapo.

Kumwambia Bi Mkubwa

Alikuja peke yake, tulimwomba. Mzee akaanza na jina, akasema sio Turner na hii ndo sababu, akamwonyesha alama ya maji. Bi Mkubwa akacheka, akasema afadhali, binamu watanyamaza. Hilo lilipita kama upepo, na mi nilikuwa nimekosa usingizi kwa ajili yake.

Kisha nikamwonyesha ukingo.

Akainama. Akauliza, "Hii rangi mmeiweka nyie?" Nikamweleza nili, udongo mwekundu, dirisha. Mwenzetu wa tatu karakanani alishatengeneza kopi kwenye kompyuta, kachukua rangi ya utepe akaijaza anga zima, tukaichapa kwa ukubwa uleule. Tulifikiri tunamfanyia zawadi. Kwenye ile kopi milima ilikuwa kitu kingine kabisa, genge lililokuwa limeinama kwa upole sasa linatisha, mto mweupe unang'aa kwa sababu kila kitu pembeni ni giza, vijitu viwili vinaonekana vimechelewa. Kusema kweli ni mchoro bora. Bi Mkubwa akaitazama kidogo akairudisha mezani, akasema, "Hii siyo yangu." Halafu akauliza madoa je, mbona bado yapo, na hapo ndo ilibidi tumweleze kile ambacho tulitakiwa kumwandikia wiki tatu nyuma. Alinyamaza muda. Hakugombana, ila sauti ilibadilika, na alikuwa na haki yake.

Mpwa alipopata habari aliuliza kwa simu kama hatuwezi kuongeza nili kidogo tu juu ya anga, lirudi lilivyokuwa. Jibu la Mzee lilikuwa fupi. Ukipaka leo, huo ni mchoro wako wa leo juu ya karatasi ya 1804, na hakuna atakayeweza kuutoa bila kuondoka na kilichobaki chini yake.

Uliishia wapi

Mthamini aliuandika "shule ya Monro, kwa kuiga J. R. Cozens". Kwenye lugha ya mnada kila neno lina bei yake. Jina tupu maana yake wanaamini ni mkono wake, "inadhaniwa ni ya" ni kurudi hatua moja, "shule ya" au "watu wa karibu ya" ni kurudi hatua nyingi, na "kwa kuiga" inakwambia wazo ni la mtu ila mkono sio wake. Bei waliyotajiwa ingetosha kubadilisha boila ya nyumba, ule mtambo wa kupasha maji, na ikabaki chenji. Bi Mkubwa akasema boila yake nzima.

Kwa hiyo mchoro umerudi nyumbani. Upo ukutani kwenye korido isiyo na dirisha, taa yake hafifu, tulipima isivuke laksi 50, laksi ni kipimo cha mwanga. Kadibodi mpya haina asidi. Ombi la mwisho lilikuwa lake, hatukulipendekeza sisi: dirisha la kadibodi tulikate pana zaidi, ukingo wote wa buluu uonekane. Sasa ukisimama mbele yake unaiona alfajiri ya mama yake, na kuizunguka pande zote, kama pindo la khanga, kuna mvua.

Kilichofanya kazi, kilichotushinda

Kutoosha kulikuwa sahihi, na sisemi hivyo kwa kujisifu maana Mzee angeosha vizuri kuliko mimi. Tungeosha, pengine karatasi ingekuwa nyeupe zaidi na ule utepe ungekuwa umefifia au umetembea, na tungebaki na alfajiri nzuri isiyo na wa kuikanusha. Kipimo cha tone moja, dakika tano, kiliamua kazi ya wiki. Ukiwa na karatasi yoyote ya zamani nyumbani yenye wino au rangi, kabla hujagusa maji hata ya kitambaa, anza na pamba na kona isiyoonekana. Na ukitoa picha kwenye fremu, chungulia chini ya ukingo kabla hujasafisha chochote, hapo ndo rangi ya zamani hujificha.

Kuacha jina mpaka mwisho kulikuwa ni sahihi pia, tatizo tulikuwa tumeshalitaja mwanzo. Nimejiuliza ningesema nini pale kaunta. Nadhani ningesema "sijui, hatujafungua", ambalo ni jibu la kweli na halitumiki kwenye meseji kwa binamu. Kile kikaratasi cha nyuma nacho kilitupotosha kwa sababu kilikuwa cha zamani, na kitu cha zamani kina heshima yake. Lakini kilibandikwa kwenye fremu, fremu ni ya baadaye sana kuliko mchoro, na mtu anaweza kukosea kwa wino wa kahawia kama anavyokosea kwa kalamu ya leo.

Gharama tulizihesabu vibaya, tulimlipisha Bi Mkubwa siku tano, kazi ilikula kumi na moja, hiyo ni shida yetu. La madoa ndo baya zaidi. Uamuzi ulikuwa sawa ila ulikuwa wa kwake na sisi, tukaufanya wa kwetu. Siku hizi kila tukibadilisha mpango tunaandika kabla ya kugusa, hata kama ni mistari miwili kwa simu, na mwenye mali anajibu ndiyo au hapana. Nayo simu ya karakana tumeihamishia chumba cha nje.

Kuhusu ule mstari wa maji. Siku mthamini alipokuja aliukagua mchoro kwa lenzi, taratibu, toka juu mpaka chini, na alipofika kona ya chini kulia akatulia. Akasema pale kwenye mawe kuna ukungu wa maporomoko umepakwa kwa ustadi wa ajabu, ndo sehemu inayompa mashaka kwamba labda kuna mkono mkubwa humu. Mzee akanitazama. Nikavuta ripoti, nikafungua ukurasa wenye picha na saa, nikamsogezea.

"Huo ukungu," nikamwambia, "ni wangu."